Yah: Glavu za Bibi Zilizokatwa Vidole

Warda Khamisi,
kwa niaba ya Bibi Mwanaidi,
Kijiji cha Mikokoni,
Kata ya Mbwera.

Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya,
Kibiti.

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Assalaam aleykum. Kwa heshima kubwa na mwandiko mdogo, naomba nafasi kidogo juu ya meza yako. Mwandiko ukikusumbua, nisamehe. Mwalimu wetu wa Biolojia husoma daftari langu amelisogeza puani kama anayetafuta chawa, na ameniambia mbele ya darasa kwamba naandika kama mtu anayeogopa kusikika. Ni kweli naogopa.

Mimi ni Warda, nina miaka kumi na sita, nipo kidato cha tatu. Malalamiko haya si yangu. Ni ya Bibi yangu, Bibi Mwanaidi, mkunga wa kijiji hiki tangu mama yangu hajazaliwa. Yeye anasema, mimi naandika. Bibi hajui kusoma lakini anajua kuhesabu kurasa, na amesema barua fupi ni dharau, kwa hiyo jiandae. Kila ukurasa ukijaa namsomea. Yaliyo ndani ya mabano simsomei.

Bibi anaomba mambo mawili. Kwanza, Nesi Zaitun wa zahanati yetu, aliyefika miezi mitatu iliyopita, ahamishwe apelekwe kwa watu wachafu wanaomhitaji. Pili, Bibi apewe ruhusa ya maandishi, yenye muhuri, ya kumzalisha dada yangu Mwanamina hapa nyumbani, kwa mikono mitupu. Mwanamina anatarajia kujifungua mwisho wa mwezi huu. Bibi ameapa mbele ya Mwenyekiti wa Kijiji kwamba hatamgusa mzazi yeyote mpaka serikali imjibu kwa maandishi, kwa kuwa yeye ni mtu wa sheria.

(Kidole gumba cha Bibi cha mkono wa kulia kina kidonda. Alichomwa na mwiba wa samaki hongwe wiki tatu zilizopita, na bado kinatoa maji. Nitarudi hapo akisogea mbali kidogo.)

Malalamiko ni kama ifuatavyo:

1. MIKONO. Nesi Zaitun ana ugonjwa wa kunawa. Bibi anasema hajawahi kuona mtu mwenye udhu mwingi na safari chache hivi za msikitini. Hunawa kabla ya kumshika mgonjwa, hunawa baada ya kumshika, hunawa akivua glavu, kana kwamba glavu yenyewe haikumtosha. Wiki aliyofika, Bibi alivaa kanga mpya akaenda kumkaribisha kijijini. Akamnyooshea mkono. Nesi alikuwa anatoka kumfunga mtu kidonda cha shoka, akasema, "Nisubiri kidogo bibi yangu, mikono yangu si mizuri." Akaenda kwenye ndoo yenye koki. Akapaka sabuni. Akasugua viganja, akasugua migongo ya viganja, akaingia katikati ya vidole kimoja baada ya kingine kama anayetafuta pete. Mkono wa Bibi bado uko hewani. Boti ya Nyamisati ilifika gatini, ikashusha viroba vya unga, ikageuza, ikaondoka. Ndipo mkono wa Bibi ukapokewa, umeshakufa ganzi. Dakika hiyohiyo mgonjwa mwingine akaingia na Nesi akarudi tena kwenye ndoo. Bibi akauliza watu waliokuwa kwenye benchi: "Kanawa kabla ya miye, kanawa baada ya miye. Kwani miye dagaa?"

Benchi lilicheka, na Bibi hajalisamehe benchi.

Ombi: Nesi apangiwe idadi ya kunawa kwa siku. Bibi anapendekeza mara tano.

2. SINDANO. Bibi alimwona kwa macho yake akimdunga sindano mtoto wa jirani yetu Maimuna. Alipomaliza, badala ya kurudishia kifuniko kama mtu aliyelelewa, aliitumbukiza sindano hivyohivyo, uchi, ndani ya kisanduku cha manjano. Mheshimiwa, sisi tumelelewa kufunika. Tunafunika mtungi, tunafunika sufuria, tunafunika kichwa. Bibi alimuuliza kistaarabu ni mama gani aliyemlea. Nesi akaeleza kwamba wahudumu wengi hujichoma dakika ileile wanaporudishia kifuniko, na sindano iliyotoka kwenye damu ya mtu ikikuchoma inaweza kukuachia maradhi yake, kama virusi vya UKIMWI au homa ya ini. Bibi akamwambia, "Basi jifunze kulenga, mwanangu. Miye umri huu natunga uzi kwenye sindano bila miwani."

(Uzi huwa natunga mimi.)

Halafu kile kisanduku. Ni kizuri, kigumu, kina mkono wa kubebea. Bibi alikiomba kwa adabu awekee iliki na mdalasini. Akanyimwa. Akaambiwa kikijaa robo tatu kinafungwa na kupelekwa kuchomwa moto. Kisanduku kizima kinachomwa, na wizara hiyohiyo inasema haina bajeti! (Hili la bajeti Bibi kalisikia redioni. Mimi sina ushahidi.)

3. KUTUHUMU WATU WOTE. Hili limemuuma Bibi kuliko yote, ukiacha la nne na la tano.

Nesi Zaitun anavaa glavu kwa kila mtu mwenye damu. Alipovaa kwa yule mlevi wa gatini aliyepasuka nyusi, hakuna aliyesema kitu. Akavaa kwa Mwenyekiti Shaabani. Kijiji kikaguna. Kisha akavaa kwa Maalim Amri wa madrasa, aliyechanwa mguu na chaza, mtu ambaye hata nzi huona haya kutua juu yake. Bibi akashindwa kuvumilia: "Na Maalim naye?" Nesi akajibu huku anafunga bandeji, "Bibi yangu, damu haivai kofia. Siwezi kuitazama nikajua ina nini. Na yangu mimi wewe huijui, kwa hiyo glavu inamlinda Maalim pia." Maalim mwenyewe akasema, "Sasa Mwanaidi, wewe unataka nifungwe kidonda au nipewe cheo?" Bibi anaamini Maalim aliyasema hayo kwa sababu ya maumivu.

Tena si damu peke yake. Nesi anasema tahadhari ni hiyohiyo kwa matapishi, usaha, maji ya uzazi na majimaji mengine ya mwili.

(Mheshimiwa, hapa peni iligoma. Shuleni tunasoma haya kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza mimi nayataja yote kwa mfululizo bila kupepesa, hata yale ya mwisho kwenye orodha ya mwalimu. Nilipata themanini na nane. Lakini kuyasema kwa Kiswahili, Bibi akinitazama usoni, siwezi. Ndiyo maana umeona "majimaji mengine." Wewe umesomea, utajaza.)

Kwa kuwa tatizo la Nesi ni kutojua damu ya nani ikoje, Bibi amelitatua. Alitaja, nami nikaandika, Orodha ya Watu wa Damu Safi wa Kijiji cha Mikokoni, ambao mhudumu yeyote anaweza kuwashika kwa mikono mitupu bila wasiwasi. Nimeiambatanisha. Ina watu kumi na wanane. Wa kwanza ni Bibi. Wa pili ni marehemu Babu.

Kwa bahati mbaya orodha ilivuja. (Niliisahau juu ya kibao cha mbuzi, Maimuna akaja kuazima kibao.) Kabla ya adhuhuri Mwenyekiti Shaabani alikuwa barazani kwetu, kofia mkononi. "Bi Mwanaidi, nasikia simo." Bibi akamwambia nafasi zimejaa. "Zimejaa vipi, na marehemu yumo?" Bibi akasema marehemu hajawahi kumletea mashaka. Maimuna akatangaza kisimani kwamba Bibi amewaweka wanaomletea kamba na kuwaacha wanaomletea maneno. Basi wale walioachwa wakaanza kudai ushahidi, wale waliomo wakaanza kuuleta, na ushahidi ukawa unapatikana mahali pamoja tu. Wiki ile watu ishirini na saba walikwenda kupima damu zahanati, wakiwemo wanaume watu wazima ambao zamani walikuwa wakipita pale upande wa pili wa njia. Mwenyekiti alikwenda mara mbili ili aonekane.

Nesi aliwapima wote. Kila mmoja akapewa jibu lake peke yake nyuma ya pazia. Bibi alipokwenda nami na peni yangu kuchukua majina, Nesi akakataa. Akasema majibu ni siri ya mtu. Bibi: "Siri gani ya jambo jema?" Nesi akamwita mgonjwa anayefuata. Kwa hiyo orodha unayoiona haikuhakikiwa, na kosa si letu.

(Mtu mmoja wa juu kwenye orodha alitoka nyuma ya pazia akifuta macho kwa ncha ya nguo. Nilikuwa nimekaa palepale na peni. Simwandiki hapa. Jina lake nimeliacha kwenye orodha palepale lilipokuwa.)

4. GLAVU. Miaka minne iliyopita Bibi aliitwa Ikwiriri kwenye semina ya wakunga wa jadi. Walifundishwa kuwasindikiza wajawazito zahanati badala ya kuwazalisha nyumbani, wakapewa soda, na kila mmoja jozi moja ya glavu za kujifunzia kuvaa na kuvua. Mwezeshaji akawaambia, "Hii ndiyo kinga yenu." Wenzake walizitupa palepale ukumbini. Bibi yangu si mtu wa kutupa kinga. Alizirudisha nyumbani ndani ya leso, akazitunza miaka minne: zinafuliwa kwa sabuni ya unga, zinaanikwa kambani kati ya kanga yake na kanzu ya marehemu Babu, zinapakwa poda ya mtoto, zinakunjwa. Katika kijiji chote hakuna nguo iliyotunzwa hivyo. Na Bibi si mchoyo. Glavu zile zimepokea watoto tisa ambao mama zao hawakuwahi boti ya kwenda hospitali. Zimeazimwa na Maimuna kumenyea kamba wa sikukuu ya Idi. Zimeazimwa na mjomba kufungia simu isilowe mtumbwini. Moja ilipulizwa ikafungwa kwenye wavu badala ya boya, ikawa inatupungia vidole vitano kutoka majini mpaka Bibi alipokwenda kuidai.

(Mfuaji nilikuwa mimi. Tangu mwaka juzi sili kamba, na nyumbani wanadhani ni mzio.)

Mwezi uliopita Nesi Zaitun alikuja kumtazama Mwanamina, akaziona kambani. Akauliza, "Bibi, hizi ni za lini?" Bibi akajibu kwa fahari, "Za Ikwiriri." Nesi alikaa kwenye ngazi bila kukaribishwa. Kisha akaeleza kwamba glavu ni ya mtu mmoja, mara moja, ikitoka hapo inatupwa. Kwamba kuifua hakuondoi yaliyoingia na kunaitoboa matundu ambayo jicho haliyaoni. Kwamba mama wa tisa alikuwa akipewa ya mama wa nane. Bibi akamuuliza, "Na kanga yako je, unaivaa mara moja?"

Kesho yake asubuhi glavu zilikutwa kambani zimekatwa vidole vyote kumi. Vidole vilikuwa chini, kuku wanavigombania. Bibi alipiga ukelele uliowatoa watu mashambani.

Mheshimiwa, mshukiwa ni mmoja. Kila mtu aliyekaa kwenye benchi la zahanati amemwona Nesi akizikata kwa mkasi glavu zilizotumika kabla ya kuzitia kwenye pipa, ili asitokee wa kuziokota akazitumia tena. Mkasi anao, na tabia anayo. Alipoulizwa mbele ya Mwenyekiti, alisema hakuzikata, akatazama upande niliokuwa nimesimama. Bibi anasema mtu asiye na hatia hatazami pembeni.

Ombi: fidia ya jozi moja, aina ileile, yenye kudumu miaka minne.

5. KUZALIWA KWA MTOTO WA MWANAMINA. Hapa ndipo penyewe.

Nesi akizalisha huvaa aproni ya plastiki, mabuti, barakoa na miwani mikubwa. Mtoto anakuja duniani mara ya kwanza, hajui mtu, anafumbua jicho na kumkuta fundi wa kuchomelea mageti. Katika ukoo wetu mtoto hupokewa kwenye ngozi ya mkunga. Ngozi, Mheshimiwa, si mpira. Ndivyo mtoto anavyojua kwamba amefika kwa watu. Mikono ya Bibi ilimpokea mama yetu, ikampokea Mwanamina, ikanipokea mimi. Mama yetu hayupo tena, na kilichobaki cha kutupokea ni mikono hiyo. Bibi amesema niandike hivi: "Kama kitukuu wangu wa kwanza atapokewa na nailoni, basi miye nilikuwa nafanya nini miaka yote hii?"

(Hakuwa na sauti ya ugomvi aliposema hivyo. Nimeandika kama alivyosema.)

Nesi aliyasikiliza yote haya barazani kwetu, hakucheka. Akasema, "Hata mimi nataka apokewe na ngozi, bibi yangu. Nikishamfuta tu namlaza kifuani kwa mama yake, kifua kwa kifua. Ngozi ya kwanza iwe ya Mwanamina." Bibi aliitazama mikono yake. Halafu akauliza taratibu, "Na miye?" Nesi akasema, "Wewe wa pili. Ukishanawa, na kidole umekifunga." Bibi akauficha mkono ndani ya kanga na kuniambia hayo nisiyaandike.

(Nimeyaandika, nikimsomea nitayaruka. Sasa amekwenda kugeuza mpunga kwenye jamvi, basi nieleze kidole. Hakiponi. Anakipaka majivu, anakificha, kinalowanisha kanga. Nesi alitaka kukisafisha, Bibi akasema hayo ni kati yake na samaki. Nesi aliniita pembeni akanieleza kwamba kidonda kile ni mlango uliofunguka pande zote mbili: kilichomo kwa Bibi kinaweza kuingia kwa mama na mtoto, na kilichomo kwenye damu ya mzazi kinaweza kuingia kwa Bibi. Haijalishi ni watu wema. Mwanamina anajua. Kila Bibi akisema "mikono yangu hii," dada yangu ananitazama mimi niseme kitu, nami namtazama yeye aseme. Tuna haya ya aina moja, tumeyarithi kwa mama.)

Ombi: ruhusa, muhuri, haraka.

6. Bibi anasema la sita lipo, tena ndilo kubwa, ila limemtoka. Ameagiza niache nafasi serikali ijaze yenyewe:

........................................................

Mheshimiwa, tunajua una kazi nyingi na wagonjwa wengi, lakini Bibi anaamini kwamba mtu aliyesoma mpaka kufikia cheo chako hawezi kusoma kurasa zote hizi akakosa la kusema. Anakusalimu sana. Msalimie mkeo na watoto, dereva wako, mlinzi wa geti, karani anayefungua barua, na wote mlio ofisini, walionawa na wasionawa. Maimuna anasalimu ingawa hakuombwa. Mwenyekiti Shaabani anasalimu pia, na anauliza kama orodha inaweza kuongezwa mtu mmoja.

Wako katika kutetea mikono,

Bibi Mwanaidi
(ametia dole gumba la kushoto)

Imeandikwa na mjukuu wake, Warda.

N.B. Bibi amesimama kuswali alasiri. Nimeshamsomea mpaka kwenye sahihi, amefurahi, amesema nina mwandiko wa hakimu. Sasa haya ni yangu, na sina muda.

Doa la kahawia kwenye ukurasa wa sahihi si chai. Bibi alitaka kutia dole la kulia kwanza, nikamzuia nimechelewa. Nimekunja ukurasa ule kwa ndani. Tafadhali nawa, wewe na karani. Katikati ya vidole.

Nesi Zaitun hakukata glavu. Nilizikata mimi, alfajiri, kwa mkasi wangu wa shule. Siku mbili nzima nilikuwa nimejipanga kumwambia Bibi asizitumie tena kwa mzazi yeyote, nikawa nafungua mdomo nauliza kama ameshakunywa chai. Kwa hiyo nikakata, kidole kimoja kwa kila neno nililoshindwa kusema. Nesi anajua kwa sababu aliuona unga wa poda kwenye sare yangu. Hajanisema. Usimhamishe, nakuomba. Nimeshamuuliza kama mtoto wa kike mwenye haya anaweza kusomea unesi, akasema wenye haya ndio wanaonawa vizuri.

Na jambo la mwisho, ndilo lililonifanya niandike kurasa zote hizi. Bibi hajawahi kuvunja kiapo. Amesema hatamgusa mzazi mpaka ajibiwe. Ukimjibu ndiyo, atampokea mtoto wa Mwanamina na kidole kile. Ukimjibu hapana, atasema serikali imemdharau, kiapo kimekwisha, na atampokea hivyohivyo. Usipomjibu kabisa, siku ikifika atakaa kwenye benchi la zahanati akilaumu serikali, Nesi atakuwa ndani na glavu mpya, dada yangu atakuwa salama, na mtoto akishalala kifuani kwa mama yake, Bibi atanawa na kufungwa kidole ili awe wa pili. Najua atanawa. Jana nilimkuta nyuma ya nyumba na kata ya maji, anajifunza kusugua katikati ya vidole.

Mwalimu wangu anasema maofisi mengi huchelewa kujibu barua. Kama hiyo si tabia ya ofisi yako, nakuomba uijifunze mwezi huu mmoja tu.

Bibi anatoa salamu ya kumaliza swala, namaliza. Nakuomba kwa herufi kubwa kuliko zote nilizowahi kuandika maishani mwangu:

USIJIBU.